Kitufe cha Ukutani Kwanza, Simu Baadaye

Nyumba ambayo taa zake zinawashwa kwa simu peke yake ni nyumba ya mtu mmoja tu, yule mwenye simu. Bibi aliyekuja kutoka Tukuyu kukaa wiki mbili, dada wa kazi, mtoto wa darasa la pili anayeamka usiku kwenda chooni, fundi aliyeitwa kurekebisha bomba, wote hao wanapapasa ukuta kutafuta swichi. Wakiikuta ile ya zamani na kuizima, balbu ya kisasa inakosa umeme na haiitikii tena simu wala ratiba. Ndiyo maana nasema kitufe cha ukutani ndicho msingi, na simu, ratiba na vihisi vinajengwa juu yake. Tena kitufe hicho lazima kiwashe taa hata siku ambayo intaneti imekatika, ruta imezimwa, na ile kompyuta ndogo inayoendesha Home Assistant, programu inayosimamia vifaa vyote vya nyumba, imeharibika kadi.

Mifano yote hapa ni ya nyumba za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini: kuta za tofali la kuchoma, paa la bati, umeme unaokatika mvua ikianza kunguruma, na baridi ya Juni na Julai inayofanya heater ya maji iwe kitu cha kwanza watu wanachotaka kukipa kitufe. Rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), bodi za ESP32 (kompyuta ndogo zenye Wi-Fi) na vitufe vya Zigbee (mtandao wa redio wa vifaa vya nyumbani) mara nyingi vinaagizwa Dar es Salaam na kupandishwa kwa basi. Swichi za kengele, konekta, paipu, nyaya na kontakta (rilei kubwa ya mizigo mizito) tafuta kwenye maduka ya vifaa vya umeme, Mwanjelwa kwa walio Mbeya, mjini kati kwa walio Iringa.

Fungua boksi la swichi kwanza

Kabla ya kununua chochote, zima sakiti breka ya taa, hakikisha kwa tesita kwamba waya umekufa kweli, kisha fungua swichi moja uangalie ndani. Katika nyumba nyingi utakuta nyaya mbili tu: mmoja unaleta moto, mwingine unaupeleka kwenye taa. Nyutro, waya wa kurudisha umeme, haipo. Imepita juu ya dari, kwenye silingi rozi au kwenye boksi la maungio, kwa kuwa ndivyo mafundi wetu wengi wanavyofunga taa. Rangi nazo zisikudanganye. Nyumba za zamani nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro. Nyaya za sasa hudhurungi ni moto, bluu ni nyutro, na ya kijani yenye mstari wa njano ni ethi. Lakini fundi aliyeishiwa waya mwekundu alitumia uliokuwepo. Rangi ni dokezo tu, multimita ndiyo inayoamua.

Nyutro ina umuhimu kwa sababu rilei yenye Wi-Fi ni kompyuta ndogo inayokula umeme saa zote, na haiwezi kuupata kwenye waya mmoja wa moto bila njia ya kurudi. Zipo zinazodai kufanya kazi bila nyutro. Zinapitisha mkondo mdogo kwenye taa yenyewe, na balbu ya LED ya wati 5 hapo huanza kumetameta usiku kucha. Usihangaike nazo. Panda juu ya dari, tafuta boksi la maungio, weka rilei pale penye moto, nyutro na waya wa taa pamoja. Zile nyaya mbili zinazoshuka kwenye swichi zinabaki ukutani kama zilivyo, ila kazi yake sasa ni kupeleka ishara tu. Hupasui ukuta wala huharibu plasta.

Hapa ndipo rilei nyingi zinapoungua, kwa hiyo soma polepole. Kuna aina mbili za mlango wa swichi kwenye rilei hizi, na kwa macho zinafanana. Shelly 1, rilei ya Wi-Fi, ina mlango ulioandikwa SW unaotegemea moto wa volti 230: swichi inakaa kati ya L (moto) na SW, kwa hiyo ule waya wa moto unaoshuka ukutani unaachwa na moto wake, na ule unaorudi ndio unaingia SW. Sonoff Mini ina S1 na S2, na hizo hazitaki umeme wa nje hata kidogo. Zenyewe zinatoa volti ndogo na kusubiri ziunganishwe. Ukiacha moto kwenye waya mmoja ukaingiza S1, kifaa kimekwisha sekunde hiyohiyo. Kwa hiyo ukiwa na Sonoff, kata kwanza ule waya wa moto juu ya dari, uufunge kwa konekta, halafu nyaya zote mbili za ukutani ziingie S1 na S2 zikiwa safi. Na kama swichi ni ya vitufe viwili ambapo moto umerukishwa kutoka kimoja kwenda kingine ndani ya boksi, vunja kwanza hicho kiungo. Vikichanganyika, kimoja kikibaki na moto na kingine kikiwa cha ishara, hata fundi atakayekuja mwakani yuko hatarini.

Rilei isikae wazi juu ya dari. Iwekwe ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko, mbali na bati. Nafasi kati ya dari na bati huwa ya moto mchana na yenye umande usiku, na matone yanayoshuka kwenye bati alfajiri ya Julai ni maji kamili.

Swichi ya kengele

Swichi ya kawaida ikibonyezwa inabaki ilikobonyezwa. Hiyo haifai, kwa sababu taa inaweza kuwa imezimwa kwa simu huku swichi ikionyesha imewashwa, na anayefuata analazimika kubonyeza mara mbili. Unachotaka ni kitufe kinachorudi chenyewe: bonyeza, achia, kimemaliza. Dukani omba swichi ya kengele. Kifuniko chake ni kilekile cha mraba wa milimita 86, kinaingia kwenye boksi lililopo, na mgeni haoni tofauti yoyote zaidi ya kile kialama cha kengele, ambacho waweza kukifuta taratibu kwa kitambaa chenye spiriti kama kimechapwa juujuu. Kwenye mipangilio ya rilei chagua aina ya kitufe cha kurudi, maana rilei nyingi zinatoka kiwandani zikidhani zina swichi ya kukaa.

Uzuri wa pili wa kitufe cha kurudi unaonekana kwenye korido na ngazi. Kufunga taa moja kwa swichi mbili kwa mtindo wa zamani kunataka swichi maalumu na nyaya tatu kati yake. Swichi tatu ni shughuli zaidi. Vitufe vya kengele vinaunganishwa sambamba kwenye nyaya mbili zilezile, viwili, vitatu, vitano, na chochote kitakachobonyezwa kinageuza taa.

Kitufe kwenye ESP32

Rilei za kununua zinatosha kwa taa. Unapotaka vitufe vinne mlangoni, kimoja cha taa ya nje, kimoja cha geti, kimoja cha kuzima nyumba nzima na kimoja cha heater, bodi ya ESP32 yenye ESPHome (programu inayoipa bodi kazi kwa faili la maandishi) ni rahisi zaidi na inakupa uhuru. Mpangilio ni mmoja: upande mmoja wa kitufe unaingia pini ya bodi, upande wa pili unaingia GND, yaani sifuri ya bodi. Pini inashikiliwa juu kwenye volti 3.3 na rezista. Kitufe kikibonyezwa inavutwa chini hadi sifuri.

Chagua pini vizuri. Salama ni 18, 19, 21, 22, 23, 25, 26, 27, 32 na 33. Pini 6 hadi 11 ni za kumbukumbu ya bodi yenyewe, usiziguse. Pini 34 hadi 39 hazina rezista ya ndani, kwa hiyo bila kuongeza yako zitasoma upepo na taa zitawaka zenyewe. Pini 0 ikiwa chini wakati bodi inaamka, bodi inaingia hali ya kupakiwa programu na kukaa hapo. Umeme ukirudi huku mtu ameshika kitufe, nyumba inabaki kimya mpaka bodi izimwe na kuwashwa tena. Pini 12 ikiwa juu wakati wa kuamka, bodi nyingi hazianzi kabisa.

Rezista ya ndani ya ESP32 ni karibu kiloomu 45. Kwa waya wa sentimita 20 mezani inafanya kazi vizuri. Kwa waya wa mita 8 uliopita ukutani sambamba na nyaya za volti 230 haitoshi, maana mkondo wake ni miliampia 0.07 tu na pampu ikiwashwa, waya unaokota mshtuko na bodi inadhani kitufe kimebonyezwa. Weka rezista ya nje ya kiloomu 1 kati ya pini na volti 3.3, mkondo unapanda hadi miliampia 3.3. Ongeza kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na GND, iliyochomelewa karibu na bodi, si karibu na kitufe. Waya wenyewe uwe jozi iliyosokotwa ya kebo ya mtandao, ndani ya paipu yake, mbali na paipu ya umeme angalau sentimita 10 hadi 20, na zikilazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba. Boksi lenye volti 230 lisikae pamoja na waya wa volti 3.3 bila kizuizi kati yake.

Hiyo kiloomu 1 ina faida nyingine isiyosemwa sana. Swichi za ukutani zimetengenezwa kwa mkondo mkubwa wa taa. Ile cheche ndogo kila ukiwasha ndiyo inayosafisha ncha za chuma. Ukipitisha mkondo mdogo mno, utando wa kutu unajijenga kwenye ncha, na baada ya miezi kadhaa, hasa kwenye ukungu wa Rungwe, kitufe kinaanza kuitikia mara moja kati ya tatu. Watu wanalaumu programu, kumbe ni ncha. Miliampia 3 zinasaidia; kitufe chenye ncha za dhahabu ni bora zaidi ukikipata.

Kisha kuna mdundo. Ncha za kitufe zikigongana hazitulii papo hapo, zinaruka kwa milisekunde chache, na bodi yenye kasi inahesabu mibonyezo mitatu pale ulipobonyeza mara moja. Taa inawaka, inazima, inawaka. Dawa yake ni kuiambia programu isubiri milisekunde 20 kabla ya kuamini. Hivi ndivyo faili la kitufe kimoja linavyokuwa:

```
api:
  reboot_timeout: 0s

wifi:
  ssid: "nyumbani"
  password: "weka_yako"
  reboot_timeout: 0s

switch:
  - platform: gpio
    id: rilei_ukumbi
    name: "Taa ya ukumbi"
    pin: GPIO26
    restore_mode: RESTORE_DEFAULT_OFF

binary_sensor:
  - platform: gpio
    name: "Kitufe cha ukumbi"
    pin:
      number: GPIO27
      mode:
        input: true
        pullup: true
      inverted: true
    filters:
      - delayed_on: 20ms
      - delayed_off: 20ms
    on_press:
      - switch.toggle: rilei_ukumbi
    on_multi_click:
      - timing:
          - ON for at least 1s
        then:
          - homeassistant.event:
              event: esphome.zima_zote
```

Angalia jinsi kazi zilivyogawanywa. Kubonyeza kwa kawaida kunageuza rilei iliyo kwenye bodi hiyohiyo. Hakuna safari ya kwenda kwenye seva, yaani kompyuta ya Home Assistant, na kurudi. Kushikilia kwa sekunde moja ndiko kunakotuma habari Home Assistant ili izime nyumba nzima. Seva ikifa, unapoteza ile ya pili tu. Jina la tukio lazima lianze na esphome. na nukta yake, la sivyo halikubaliwi.

Inawezekana pia kuweka mbonyezo wa mara mbili, lakini una gharama. Ili bodi ijue kwamba umebonyeza mara moja na si mbili, lazima ingoje karibu theluthi ya sekunde baada ya kidole kuondoka. Theluthi ya sekunde kwenye taa ya chooni inaudhi kuliko inavyosikika hapa. Nashauri taa za kawaida ziwe na kubonyeza na kushikilia tu.

Zile sifuri mbili za reboot_timeout zisisahaulike. Bila hizo, ESPHome inajizima na kujiwasha kila baada ya dakika 15 ikikosa Home Assistant au Wi-Fi. Nia yake ni njema, kwamba labda bodi imekwama, lakini kwako matokeo ni taa inayopepesa kila robo saa usiku ambao seva imeharibika. Huo ndio usiku unaokihitaji kitufe kuliko mwingine wowote.

Umeme wa bodi nao una hesabu yake. ESP32 inaporusha Wi-Fi inaweza kuvuta miliampia karibu 500 kwa muda mfupi, na kila rilei ya bluu ya volti 5 inakula kama 70. Kigeuzi kidogo cha wati 3, kile kinachogeuza volti 230 kuwa 5, kinatoa miliampia 600. Rilei mbili zikiwaka pamoja na Wi-Fi ikarusha, umevuka, volti inashuka na bodi inajizima na kuanza upya. Chukua cha volti 5 ampia 1, na weka kapasita ya maikrofaradi 470 karibu na bodi.

Mwisho wa habari za bodi: kila kitufe kisicho na taa yake ya karibu kiwe na kialama cha LED. Kitufe cha heater kilicho ukumbini, kama hakionyeshi chochote, kitabonyezwa mara tatu na watu watatu. LED moja na rezista ya omu 330 kwenye pini inatosha, inakula kama miliampia 4.

Vitufe vya betri

Mahali pasipofikika kwa waya, kwa mfano kando ya kitanda kwenye chumba kilichokwisha kupigwa rangi, kitufe cha Zigbee chenye betri bapa ya CR2032 ni jibu zuri. Usijaribu kutengeneza chako kwa bodi ya kawaida ya ESP32 na betri. Chipu yenyewe ikilala inakula maikroampia 10 hivi, lakini kirekebisha volti cha AMS1117 kilicho kwenye bodi nyingi kinakula karibu miliampia 5 bila kufanya kazi yoyote. Betri ya miliampia-saa 2,000 inaisha kwa siku 17. Na kila ukibonyeza, bodi inaamka na kutafuta Wi-Fi kwa sekunde kadhaa kabla taa haijawaka.

Zigbee inatumia gigahezi 2.4, sawa na Wi-Fi, na ukuta wa tofali la kuchoma wa inchi tisa unaipunguza sana. Kuta mbili inavuka, tatu inategemea bahati. Kinachookoa ni vifaa vya Zigbee vinavyopata umeme wa ukutani, kama plagi na rilei, maana hivyo vinapokezana ujumbe. Weka angalau kimoja kila vyumba viwili. Balbu ya Zigbee nayo hupokeza, ila ikizimwa kwenye swichi ya ukutani njia inakatika, na kitufe kilichokuwa kinapitia hapo kinabaki yatima mpaka kipate njia nyingine. Ndiyo sababu napendelea rilei juu ya dari na balbu ya kawaida.

Kile kipokezi cha USB kinachoipa kompyuta ya Home Assistant redio ya Zigbee usikichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Milango ya USB 3.0 inapiga kelele kwenye masafa hayohayo. Tumia kebo ya kurefusha ya mita moja. Kama Wi-Fi yako iko chaneli 1, Zigbee iweke 25, iwe mbali nayo. Na uunganishe kitufe kikiwa mahali kitakapokaa, siyo mezani pembeni ya kompyuta, kwa sababu kinamshika jirani kilichomkuta hapo.

Ili kitufe cha Zigbee nacho kitimize sharti la kuwasha taa bila seva, tumia kuunganisha moja kwa moja: kwenye Zigbee2MQTT, programu inayounganisha vifaa vya Zigbee na Home Assistant, fungua ukurasa wa kitufe, nenda sehemu ya Bind, chagua rilei au kundi la taa. Kuanzia hapo kitufe kinazungumza na rilei bila kupitia kompyuta. Si vitufe vyote vinakubali. Rimoti nyingi za IKEA zinakubali, lakini vingine hutuma tu neno la single, double au hold kwa kompyuta na basi. Ulizia hilo kabla ya kununua.

Baridi. Betri ya CR2032 ina volti 3 na kama miliampia-saa 220, lakini inapopoa upinzani wake wa ndani unapanda. Kitufe kinaporusha ujumbe kinavuta mkondo wa ghafla, volti inashuka, chipu inajizima katikati ya kazi. Kwenye geti la nyumba ya Makete au Njombe asubuhi yenye sakitu, kitufe kinaweza kugoma saa kumi na mbili na kufanya kazi vizuri saa tano mchana, na asilimia ya betri ikaonyesha imepanda yenyewe. Betri hiyo badilisha. Kwa vitufe vya nje chagua vinavyotumia betri za AAA na uweke za lithiamu. Kifuniko kiwe na mpira, na tundu la waya lielekee chini.

Heater ya maji

Hiki ndicho kitufe ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hesabu yake inaonekana kwenye LUKU. Tangi la lita 50, maji ya bomba ya nyuzi 15 asubuhi ya Julai, unataka 45. Ni lita 50 mara nyuzi 30 mara kilojuli 4.19, jumla kilojuli 6,285, sawa na uniti 1.75. Heater ya kilowati 1.5 inahitaji dakika 70, ya kilowati 2 dakika 52, ya kilowati 3 dakika 35. Kitufe kikibonyezwa kiwashe kwa muda huo na kizime chenyewe. Anayesahau kuzima heater asubuhi anaiacha ikipasha na kupasha upya maji ambayo hayaogwi na mtu.

Kilowati 3 ni ampia 13. Rilei ya ampia 10 itayeyuka, na ile ya ampia 16 itakuwa inafanya kazi kwenye ukingo kwa nusu saa nzima ndani ya boksi lisilo na hewa. Weka kontakta ya ampia 25 yenye ncha mbili, ikate moto na nyutro kwa pamoja, na rilei ndogo iamshe koili ya kontakta tu. Shawa ya papo kwa papo ya kilowati 5.5 ni ampia 24. Hiyo inataka kontakta ya ampia 40, waya wa milimita mraba 6 na breka yake, na kwa kweli haihitaji kitufe cha muda kwa kuwa inawaka maji yakipita.

Koili ya kontakta ikiachiwa inarudisha mshtuko unaoweza kuifanya ESP32 ianze upya. Funga kati ya A1 na A2, ncha mbili za koili, kapasita ya aina ya X2 ya maikrofaradi 0.1 ikiwa mfululizo na rezista ya omu 100. Kwenye programu, swichi ya heater ipewe ALWAYS_OFF badala ya RESTORE: umeme ukikatika katikati na kurudi saa nane usiku, heater isijiwashe. Thamostati ya tangi na vali yake ya kutolea presha vibaki kama vilivyo. Programu haichukui nafasi ya hivyo.

Pampu na geti

Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu iwe na vitufe viwili vya milimita 22, kijani na chekundu. Cha kijani kipitie ESP32 ukipenda. Chekundu hapana. Hicho kiwe cha aina iliyofungwa kawaida, yaani kinachopitisha umeme mpaka kibonyezwe, kikae mfululizo na waya wa koili ya kontakta, kwa volti 230, ili mtu akikipiga koili ikose umeme hapohapo bila kuuliza programu yoyote. Swichi ya kuelea iliyo ndani ya tangi ikae mfululizo vilevile.

Geti lina tatizo la radi. Waya wa mita 25 kutoka getini hadi ndani ni antena, na radi ikipiga hata mtaa wa pili, waya huo unaingiza mshtuko unaoua pini ya bodi. Usipeleke waya huo kwenye ESP32 moja kwa moja. Tumia optokapla ya PC817, kifaa kidogo kinachopitisha ishara kwa mwanga bila nyaya kugusana: volti 12 kutoka kwenye adapta yake, kupitia kitufe cha geti, kupitia rezista ya kiloomu 2.2, kwenye LED ya ndani ya optokapla. Ni karibu miliampia 5. Upande wa pili ndio unaoungana na pini na GND ya bodi, na pande hizo mbili zisishirikiane GND. Ongeza diodi ya TVS, inayomeza mshtuko wa volti, kwenye mwisho wa waya. Radi ikipiga nyumba yenyewe hakuna kati ya hivi kitakachoikinga bodi, lakini ile ya mbali, ambayo ndiyo ya mara kwa mara kuanzia Novemba hadi Aprili, itakuta kinga.

Kabla ya kufunga vifuniko

Zima ruta. Chomoa kompyuta ya Home Assistant. Zunguka nyumba nzima ukibonyeza kila kitufe, na uandike kwenye karatasi kilichoitikia na kilichogoma. Subiri dakika 20 uone kama kuna taa inayopepesa. Halafu zima mein swichi kwa sekunde 30, mwenzako akiwa ameshikilia kitufe kimoja ukumbini, uirudishe, uangalie kama kuna kinachojiwasha bila kuombwa, heater hasa. Washa pampu mara kumi mfululizo huku mtu akitazama taa za ukumbini. Mwisho mwite asiyejua chochote kuhusu mfumo huu, mpe kazi ya kuwasha taa ya nje na kuzima ya chumbani, na usimwelekeze. Kitufe atakachokosea kibandikwe alama au kihamishwe, na kile kilichogoma seva ilipozimwa kirudishwe kwenye waya siku hiyohiyo, boksi likiwa bado liko wazi.